Ubunifu, Sitara na Ustawi wa Kihisia: Simulizi za Watoto Waliokombolewa Utumwani katika Shule za Kiungani na Mbweni, Unguja

Ikisiri

Nadharia kadhaa za saikolojia ya ubunifu hudai kwamba mtu aliyepatwa na kiwewe hupata nafuu anapoyaandika yaliyompata. Makala hii inalipima dai hilo kwa kuangalia watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa na kulelewa katika shule za misheni za Kiungani na Mbweni, Unguja, katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Baadhi yao waliandika habari za maisha yao kwa Kiswahili, na maandishi hayo yakachapishwa kwa Kiingereza mjini London mwaka 1887. Makala inadai kwamba kinacholeta ustawi katika kazi ya kubuni ni mamlaka ya msimulizi juu ya lugha, umbo na msikilizaji wa simulizi yake, kuliko kitendo chenyewe cha kuyatoa ya moyoni. Dhana ya sitara, iliyozoeleka katika maisha ya Waswahili wa mwambao, inatumika kueleza mamlaka hayo.

Utangulizi

Mbweni iko kilomita chache kusini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika mwambao wa magharibi wa Unguja. Mwaka 1871 Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, inayofahamika zaidi kwa kifupi chake UMCA, ilipata shamba mahali hapo. Miaka miwili baadaye, mwezi Juni 1873, Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Biashara haikukoma siku ile. Majahazi yaliendelea kubeba watu kwa siri, na manowari za Waingereza zikaendelea kuyakamata. Baadhi ya watoto waliotolewa humo, ambao wengi wao hawakujua wazazi wao wako wapi wala njia ya kurudia kwao, walikabidhiwa kwa misheni. Wavulana walisomeshwa Kiungani, kati ya mji na Mbweni. Wasichana walilelewa katika Shule ya Mtakatifu Maria, Mbweni. Hali ya utumwa yenyewe ilipoteza nguvu ya kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897 tu, hivyo kwa zaidi ya miaka 20 watoto hawa walikuwa watu huru waliozungukwa na watumwa.

Wanahistoria wameyasoma maandishi ya Kiungani kama ushahidi wa jinsi biashara ya watumwa ilivyoendeshwa. Makala hii inayasoma kwa swali jingine: je, kuandika kuliwasaidia waandishi wake? Swali hili lina uzito leo. Katika shule, hospitali na miradi ya ustawi wa jamii, watu waliofikwa na misiba huombwa wachore, waandike au waigize yaliyowapata, kwa imani kwamba ubunifu huponya. Imani hiyo ina msingi, lakini msingi wake ni mwembamba kuliko inavyodhaniwa, na mazingira yaliyouzaa hayafanani na yetu.

Dai la nadharia na mipaka yake

Mwanzo wa dai katika sura yake ya kisasa ni jaribio la James Pennebaker na Sandra Beall, lililochapishwa Marekani mwaka 1986. Wanafunzi 46 wa chuo kikuu waliombwa kuandika kwa dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo. Wengine waliandika juu ya mambo yasiyo na uzito. Wengine waliandika juu ya tukio lililowaumiza sana maishani. Walioandika habari za tukio pamoja na hisia walizokuwa nazo walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Kutokana na jaribio hilo kulizaliwa tafiti nyingi. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alizikusanya tafiti 146 za aina hiyo na kukokotoa wastani wa athari yake. Athari ilikuwapo, nayo ilikuwa ndogo: uhusiano wa 0.075. Kwa mtafiti, hiyo ni namba ya kuheshimu. Kwa anayetangaza kwamba kalamu ni dawa, ni namba ya kumtuliza.

Jambo moja katika jaribio lile hupitwa kwa haraka na wanaolinukuu. Washiriki waliahidiwa kwamba maandishi yao yatakuwa siri. Aidha, waliambiwa wasijali tahajia wala sarufi, na hakuna aliyewapa alama. Mwandishi alikuwa peke yake na karatasi yake, katika lugha aliyoizoea, juu ya jambo alilolichagua mwenyewe. Masharti haya ni sehemu ya dawa iliyojaribiwa. Ukiyaondoa, unachobaki nacho ni kitu kingine, hata kama bado kinaitwa kuandika.

Utafiti wa Bernard Rimé wa Ubelgiji unaongeza tahadhari nyingine. Rimé alionyesha kwamba binadamu huwa na haja kubwa ya kuwasimulia wengine yaliyomgusa, na kwamba kusimulia huleta faraja na kuimarisha uhusiano na msikilizaji. Lakini kusimulia peke yake hakupunguzi makali ya kumbukumbu. Kumbukumbu hutulia pale msimulizi anaposaidiwa kuliona tukio kwa jicho jipya. Maana yake ni kwamba sifa za msikilizaji ni sehemu ya tiba.

Nadharia ya tatu inayohusika hapa ni ile ya ukuaji baada ya kiwewe. Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun waliunda mwaka 1996 hojaji yenye vipengele 21 ya kupima mabadiliko mema ambayo mtu huyaona ndani yake baada ya msiba: uhusiano wa karibu zaidi na watu, uwezekano mpya, nguvu ya nafsi, mabadiliko ya kiroho, na kuuthamini uhai. Hojaji hii inategemea kauli ya mhusika mwenyewe, nasi tutaona hapa chini kwa nini jambo hilo linakuwa gumu pale anayeulizwa anapokuwa chini ya mlezi wa anayeuliza.

Dukuduku, kifua na sitara

Kiswahili kina msamiati wake wa mambo haya, na ni ajabu kwamba tafiti zetu huupita na kwenda moja kwa moja kwenye istilahi zilizotafsiriwa. Uchungu usiosemwa huitwa dukuduku, nao hukaa moyoni mpaka utolewe. Mtu hutoa dukuduku lake, hulitua la moyoni, hupumua. Hapa Kiswahili na Pennebaker wanakubaliana. Lakini lugha hiyohiyo humsifu mwenye kifua, yaani mtu awezaye kupokea siri ikakaa. Dukuduku, basi, halitolewi hewani. Hutolewa kwenye kifua cha mtu anayejulikana. Kutoa dukuduku na kuwa na kifua ni nusu mbili za kitendo kimoja.

Juu ya yote mawili kuna sitara. Kusitiri ni kufunika kwa heshima: mwili husitiriwa kwa nguo, nyumba kwa ukuta, aibu ya ndugu kwa kunyamaza, maiti kwa sanda. Anayeitazama sitara kwa macho ya nadharia ya kujifunua ataiona kuwa kizuizi cha ustawi, kitu cha kuvunjwa ili mgonjwa apone. Mimi sikubaliani na mtazamo huo. Katika sanaa za mwambao, sitara ni masharti yanayoufanya usemi uwezekane. Katika taarabu, msikilizaji huinuka kwenda kumtunza mwimbaji katika ubeti uliomchoma, na ukumbi mzima hutambua kwamba ana lake. Limesemwa na halikusemwa. Hakukiri chochote, hakumtaja mtu, na kesho anaweza kukana yote kwa kusema alipenda sauti tu. Kanga hufanya kazi hiyohiyo kwa maandishi yake: mwenye kuvaa ndiye anayechagua siku ya kuivaa na mtu wa kumpita mbele yake. Fumbo humwachia msemaji ufunguo wa maneno yake.

Kwa hiyo naitumia sitara katika makala hii kwa maana mahususi: mamlaka ya mtu kuamua kiasi gani cha habari yake kifunuliwe, kwa nani, na kwa umbo gani. Kipimo hiki ndicho tutakachokwenda nacho Kiungani.

Maandishi ya Kiungani ya 1887

Kitabu chenyewe kinaitwa Kiungani. Or, Story and History from Central Africa, na kilitolewa London mwaka 1887. Kichwa chake kinaeleza kwamba kimeandikwa na wavulana wa shule za UMCA. Aliyekitafsiri kutoka Kiswahili na kukihariri ni A. C. Madan, mmisionari na mwanaleksikografia ambaye kamusi zake zilikuja kuwa nguzo ya taaluma ya Kiswahili. Wavulana wanasimulia mila na maisha ya kwao, namna walivyotekwa au kuuzwa, safari ndefu ya kwenda pwani, na jinsi walivyofika mikononi mwa misheni.

Tuyalinganishe mazingira ya uandishi huu na yale ya jaribio la 1986. Mwalimu ndiye aliyetaka habari hizi ziandikwe. Mwalimu ndiye aliyezisoma, akazitafsiri na kuzipeleka kwa wasomaji wa Uingereza, ambao michango yao ndiyo iliyoiendesha misheni. Mwandishi alikuwa kijana asiye na wazazi, aliyelishwa, kuvishwa na kusomeshwa na mpokeaji wa maandishi yake. Hakuna siri, hakuna chaguo huru la kimada, na hakuna umbali kati ya mtoa habari na mwenye mamlaka juu yake. Hata mwisho wa kila simulizi ulikuwa umekwishaandikwa na maisha yenyewe: mwandishi alikuwa ameketi katika dawati la Kiungani, na kila njia aliyopita ilipaswa kuishia hapo. Laiti hojaji ya Tedeschi na Calhoun ingekuwapo wakati huo, kijana wa Kiungani angepata alama za juu, hasa katika kipengele cha mabadiliko ya kiroho. Nami nisingeziamini alama hizo, ingawa huenda zingekuwa za kweli. Ukuaji wa nafsi unaotarajiwa na mlezi hauwezi kutenganishwa na adabu ya mlelewa kwa kuuliza maswali.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba maandishi haya ni mali ya misheni na waandishi wake ni vyombo tu. Hukumu hiyo ina kasoro, maana haizingatii lugha.

Vijana hawa walitoka bara: Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa na wengineo. Kiswahili hakikuwa lugha waliyolelewa nayo na mama zao. Ilikuwa lugha waliyoianza njiani na kuikamilisha shuleni. Katika lugha ya mama kulikuwa na sauti za waliowapoteza, majina ya vyakula, vitisho vya usiku ule. Wanaisimu wanaochunguza hisia za watu wenye lugha zaidi ya moja, kama Aneta Pavlenko, wameonyesha kwamba lugha iliyojifunzwa baadaye mara nyingi huwa na makali madogo ya hisia kuliko lugha ya utotoni. Mtu huweza kutamka katika lugha ya pili jambo ambalo katika lugha ya kwanza lingemkaba koo. Kwa kijana wa Kiungani, basi, Kiswahili kilikuwa pazia. Kilimruhusu kusema "walinikamata, wakaniuza kwa nguo" (mfano ni wangu) akiwa amesimama hatua moja nje ya tukio, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Naona katika pazia hilo sitara ya kweli, ingawa hakuna aliyeikusudia.

Kiswahili kilifanya kazi ya pili pia. Watoto waliotoka katika makabila kumi tofauti hawakuweza kulia pamoja mpaka wapate lugha moja. Mara walipoipata, kila mmoja aligundua kwamba habari yake ilifanana na ya jirani yake wa kitanda: kijiji, vita au njaa au deni la mjomba, kamba, njia, bahari. Kufanana huko ni jambo ambalo mgonjwa wa kiwewe hulihitaji sana, kwani kiwewe humtenga mtu kwa kumwaminisha kwamba yaliyompata hayana mfano. Mwandishi wa Kiungani aliandika kwa ajili ya mwalimu, lakini aliandika akiwa bwenini miongoni mwa wenzake waliokuwa na habari zao wenyewe. Kwa maneno ya Rimé, wasikilizaji walikuwa wawili, na huyu wa pili hatajwi popote katika jalada la kitabu.

Kuna sitara ya tatu, nayo ni ya kutaja kwa ufupi. Waandishi wanatambulishwa kwa kabila. Kwa mwanahistoria hilo ni hasara. Anayewatafuta watu hao hupata Myao au Mmakua badala ya jina. Kwa msomaji wa saikolojia lina sura mbili. Lilimnyang'anya kijana sifa ya uandishi, na papo hapo likamkinga asije akakutana na utoto wake mdomoni mwa mgeni.

Salma binti Said: mfano wa kulinganisha

Mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Kiungani, yaani 1886, tawasifu nyingine kutoka Unguja ilichapishwa mjini Berlin. Mwandishi wake alikuwa Salma binti Said, mtoto wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Zanzibar mwaka 1866, akabatizwa kwa jina la Emily na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu huko Hamburg, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ngeni. Katika dibaji yake anaeleza kwamba alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake, wakati ambapo alikuwa amechoka mwili na roho na hakutumaini kuishi mpaka wawe wakubwa.

Kumweka binti wa sultani kando ya watoto waliouzwa kunaweza kuonekana kama dhihaka, hasa kwa vile katika kitabu chake Salma anautetea utumwa wa Mashariki. Hata hivyo mfano wake unatufaa, kwa sababu masharti yake ya kuandika yalikuwa kinyume cha yale ya Kiungani. Utotoni alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Qurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana wa kwao hawakufundishwa kuandika. Alichagua mwenyewe wa kumwandikia, lugha na wakati wa kuchapisha. Alikuwa na ufunguo mkononi. Na bado aliishi miaka mingi akiwa na majonzi ya nchi aliyoiacha. Barua alizoziandika kueleza maisha yake ya Ujerumani hazikutolewa kwa wasomaji mpaka miongo mingi baada ya kifo chake mwaka 1924. Alichokosa ni kifua. Alikuwa na wasomaji wengi sana, lakini watu aliowahitaji wamsikilize, ndugu zake wa Unguja, hawakuwa tayari kumpokea. Mamlaka juu ya lugha na umbo bila msikilizaji anayekubali hayakutosha.

Mbweni: kazi zisizoandikwa

Kitabu cha 1887 ni cha wavulana. Wasichana wa Mbweni walibuni kwa njia nyingine, na hapa mtafiti aliyezoea kutafuta ubunifu katika maandishi hupata shida ya macho. Caroline Thackeray aliwasili kutoka Uingereza mwaka 1877 na kuiongoza Shule ya Mtakatifu Maria mpaka mwaka 1902. Alibaki Unguja mpaka kifo chake mwaka 1926. Chini yake wasichana walioonekana wepesi wa masomo waliandaliwa kuwa walimu, na wengine walielekezwa kwenye kazi za mikono: kushona, kupika, kufua. Kanisa la Mtakatifu Yohana, lililokamilika mwaka 1882, bado liko palepale. Shule imebaki magofu.

Mgawanyo huo wa wasomi na wa mikono ulikuwa na kibri chake, na sitaupamba. Lakini saikolojia haituruhusu kudhani kwamba walioshika kalamu ndio waliokua na walioshika sindano walibaki nyuma. Mihaly Csikszentmihalyi, aliyechunguza kwa miaka mingi hali ya mtu kuzama katika kazi mpaka akasahau nafsi yake na saa, aliipata hali hiyo kwa wapanda milima na wapasuaji sawasawa na kwa wasanii. Masharti yake ni kazi yenye lengo lililo wazi, matokeo yanayoonekana mara moja, na ugumu unaolingana na ustadi. Anayemjua mwanamke wa Unguja akisuka ukili kwa miyaa iliyotiwa rangi anaijua hali hii bila kufundishwa. Vidole hutembea vyenyewe; kosa huonekana papo hapo katika mstari; mazungumzo huendelea au hukatika bila aibu, maana mikono ina kazi na macho yana pa kutazama. Kwa mtoto ambaye siku zake ziliwahi kuamuliwa na mnunuzi, kuanza kitu, kukipima na kukimaliza ni fundisho la uwezo ambalo halihitaji kusimulia lolote. Sitara hapa ni kamili, na msikilizaji yuko pembeni anasuka wake.

Matokeo ya upana huo huonekana vizuri zaidi nje ya uzio wa misheni, katika kizazi kilichofuata. Baada ya 1897, wanawake waliokuwa watumwa na binti zao waliacha kaniki, nguo iliyokuwa alama ya utumwa, wakavaa kanga na kujiita Wazanzibari. Laura Fair amelieleza jambo hili kwa kina katika kitabu chake cha 2001, Pastimes and Politics. Kutoka Fumba, kijiji kilicho kusini zaidi ya Mbweni kwenye mwambao huohuo, alitoka mwanamke wa asili ya kitumwa aliyeuza vyungu na kuhamia mjini mwaka 1911. Huyo ni Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Hakuandika tawasifu. Habari za unyonge alizozijua aliziimba kwa mafumbo ndani ya nyumba yake ya Ng'ambo, kwa wasikilizaji waliozijua pia. Ukipima kwa vigezo vitatu vya makala hii, lugha yake, umbo lake na hadhira yake, hakuna mahali pengine katika historia ya Unguja ambapo ufunguo ulikuwa mikononi mwa mwenyewe kwa kiasi hicho.

Msimulizi, Masasi na kurudi kwa simulizi

Mwaka 1888, mwaka mmoja baada ya kitabu cha Madan, kulianza kutolewa Kiungani jarida la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, likibeba habari za shule na za vituo vya misheni. Misheni ilikuwa na kiwanda cha uchapaji tangu siku za Askofu Edward Steere, na vijana walifundishwa humo kazi ya kupanga herufi. Katika Msimulizi vijana wa Kiungani na wenzao waliokwisha kuwa walimu bara waliandika kwa Kiswahili, wakachapisha kwa Kiswahili, na wakasomwa na watu wanaowajua. Habari zenyewe ni za kawaida: nani amefika, nani amekufa, mvua, mitihani, michezo. Mtafiti wa kiwewe anayetafuta machozi hatayapata kwa wingi. Lakini kwa maoni yangu badiliko lenyewe la msikilizaji, kutoka mfadhili wa ng'ambo hadi mwenzake wa darasa aliyeko Masasi au Magila, ni ushahidi wa ukuaji ulio na nguvu kuliko kauli yoyote ya shukrani katika kitabu cha 1887. Mtu aliyekuwa habari amekuwa mtoa habari.

Masasi nayo inahitaji neno. Ilianzishwa mwaka 1876, Steere alipowaongoza watu huru kutoka Unguja kuelekea bara, kwenye nchi zilizo karibu na walikotoka. Mwaka 1882 Magwangwara walikivamia kijiji hicho, wakaua na kuteka. Baadhi ya watu waliokuwa wamekombolewa mara moja walitekwa tena. Simulizi ya ukuaji baada ya kiwewe, jinsi inavyoandikwa katika vitabu vya mafunzo, hudhani kwamba msiba una mwisho na kwamba ukuaji huja baada yake. Kwa watu hawa hapakuwa na baada. Walifundisha, waliandika, walioa na kuolewa huku hatari ikiwa ingalipo. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni na kusomeshwa Kiungani, alipewa upadre mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo, akahudumu miaka kadhaa katika nchi ya Wayao, katika uwanja uleule ambao biashara ya watumwa ilikuwa imeupitia.

Maana yake kwa utafiti wa leo

Mnamo tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na mwezi Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, upande huuhuu wa Unguja. Walionusurika katika misiba ya namna hii huombwa kusimulia: na waandishi wa habari, na wachunguzi, na watafiti, na walimu wa ushauri nasaha wanaowapa watoto karatasi na rangi. Kila mwombaji ana sababu njema, kama Madan alivyokuwa nayo. Hata hivyo kanuni zetu za maadili ya utafiti huuliza zaidi kama mshiriki ameridhia kushiriki, na huuliza kidogo sana kuhusu umbo na lugha ya ushiriki wake. Fomu ya ridhaa husainiwa mara moja, mwanzoni, kabla mshiriki hajajua atasema nini.

Kutokana na mfano wa Kiungani, ningependekeza ridhaa iulizwe tena baada ya simulizi kutolewa, mshiriki akiwa ameisikia ikisomwa, na awe na haki ya kuifunika sehemu, kuibadilisha iwe hadithi ya mtu mwingine, au kuichukua aende nayo. Mshiriki aulizwe pia angependa kutumia lugha gani, bila mtafiti kudhani kwamba lugha ya mama ndiyo yenye ukweli zaidi. Kwa Mmakunduchi au Mpemba, Kiswahili cha darasani kinaweza kuwa pazia analolihitaji, na kwa mwingine lahaja ya kwao ndiyo itakayompa pumzi. Na mtoto anayechagua kusuka, kuchora mashua isiyo na watu, au kuimba wimbo usiohusu bahari, asiandikwe katika daftari la mtafiti kuwa amekataa kushiriki.

Ugumu wa utekelezaji uko upande wa taasisi. Tasnifu hudai data inayonukulika, iliyorekodiwa, kutafsiriwa na kuhifadhiwa, na mtahini ana haki ya kuiona. Simulizi ambayo mshiriki ameifunika nusu haitaingia kwa urahisi katika jedwali la sura ya nne. Kamati za maadili zikiikubali ridhaa ya mara ya pili, zitalazimika pia kukubali kwamba sampuli ya utafiti inaweza kupungua baada ya data kukusanywa, na kwamba upungufu huo uripotiwe kama matokeo.